Pauni Nne kwa Mwezi

Kwetu Kilosa, wakati nakua, pauni haikuwa fedha ya Mwingereza. Pauni ilikuwa shilingi ishirini, basi. Marehemu baba alinunua baiskeli yake kwa pauni, mjomba alitoa mahari kwa pauni, na mtu akikwambia anakudai pauni mbili ulijua unatafuta shilingi arobaini. Tulipata Uhuru, tukapata na noti zetu wenyewe, lakini watu wazima waliendelea kuhesabu vile vile. Nayaeleza haya mapema kwa sababu kosa ninalotaka kulisimulia lilitoka kwenye neno hilo, na aliyelifanya ni mimi.

Nilikuwa karani wa posta. Baba alifanya kazi reli mpaka alipofariki, akamwachia mama kiwanja chenye nyumba mbili: kubwa ya mbele tuliyokaa sisi, imeezekwa nyasi, na ndogo ya uani, vyumba viwili na baraza, ambayo baba aliwahi kuiezeka bati kabla pumzi hazijamwishia. Ndoto ya mama ilikuwa moja tu, kuezeka bati nyumba ya mbele. Mvua ikinyesha tulipanga masufuria sakafuni, na mama alikuwa akiyapanga huku akitaja idadi ya mabati yaliyobaki kununuliwa, kama mtu anayesoma uradi.

Miaka michache baada ya Uhuru akaja mama mmoja wa Kizungu, mkunga aliyestaafu kutoka hospitali ya misheni kule Berega. Tulimwita Bibi Mkunga tangu siku ya kwanza, na jina hilo lilimkaa. Wenzake walikuwa wamerudi kwao. Yeye alikataa. Rafiki yake, muuguzi waliyekuja naye pamoja wakiwa wasichana, alikuwa amezikwa Berega, na Bibi alikwisha kuonyesha nafasi ya pembeni pale na kusema hiyo ni yake. Alikuwa na kaka huko Uingereza, na huyo kaka alikuwa na mke, na Bibi akiwataja hao wawili uso wake ulikuwa unafunga. Alitaka nyumba ndogo, ardhi ya kupanda nyanya, na mahali pa kufia pasipo baridi. Alituambia hivyo hivyo, kwa Kiswahili safi kuliko changu, na mama akampenda ingawa hakuonyesha.

Wakakubaliana kodi. Mama alisema, "Pauni nne kwa mwezi." Bibi akasema sawa. Mimi nikaitwa niandike, msomi wa nyumba. Nikachukua karatasi ya mistari, nikaandika kwa mwandiko wangu wa posta nilioringia sana: Mpangaji atalipa pauni nne kila mwezi, mwanzo wa mwezi. Bibi akatia saini, mama akatia dole gumba, karatasi ikaingia kwenye sanduku la mama chini ya vitenge. Sikuandika shilingi themanini. Ningeandika shilingi themanini, nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia, na labda ningelala vizuri zaidi miaka ile.

Fedha za uzeeni za Bibi zilikuja kutoka kwao kwa hawala, na hawala zote zilipita dirishani kwangu. Sitataja kiasi. Nilikula kiapo posta, na ninavyojua kiapo hakistaafu. Ninachoweza kusema ni kwamba hazikuwa nyingi, na kwamba hazikuongezwa. Wazee wenzake waliobaki Uingereza walikuwa wakiongezewa maisha yakipanda, yeye hapana, kwa sababu aliishi nje. Ndivyo sheria yao ilivyokuwa. Alinieleza siku moja bila kulalamika, kama anavyoeleza mtu kwamba mguu wake mmoja ni mfupi.

Halafu siku moja pauni ya Uingereza ikashushwa thamani. Sisi hatukuishusha shilingi yetu. Redio ilitangaza kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi nilikuwa nakula muhogo, sikujali. Nilijali Bibi alipokuja dirishani na hawala yake. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu." Nikapiga hesabu kwa kiwango kipya kilichobandikwa ukutani. Pauni moja ilikuwa imekuwa shilingi kumi na saba na senti. Nilihesabu mara mbili kwa aibu, ungedhani mimi ndiye niliyeimega. Bibi akaangalia noti, akaniangalia, akasema, "Zimepungua." Nikamwambia, ndiyo, Bibi, zimepungua.

Mwanzo wa mwezi akamletea mama shilingi sitini na nane na senti zake, zimefungwa vizuri kwenye bahasha. Mama akahesabu.

"Bibi, hii si pauni nne."

"Ni pauni nne kamili, Mama. Nimetoka posta sasa hivi."

"Pauni nne ni shilingi themanini."

"Zilikuwa themanini."

Mama hakuwa mtu wa kukubali kwamba pauni inaweza kuamka asubuhi ikiwa si pauni. Bibi naye hakuwa mtu wa kudhulumu. Alisoma karatasi yake kwa Kiingereza kichwani, na kwenye kichwa hicho pauni nne zilikuwa pauni nne. Kila mmoja aliona mwenzake anamchezea. Wiki nzima walipishana uani wamenuniana, lakini kila asubuhi mama alimwamkia shikamoo kwa sababu Bibi alimzidi umri, na Bibi alijibu marahaba kwa sababu ndiyo adabu, kisha kila mmoja akatazama kwake.

Shauri likaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, fundi cherehani mwenye subira ya ajabu. Akaitisha karatasi. Akavaa miwani, akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akauliza, "Pauni ipi hii?"

"Pauni," mama akasema.

"Pauni," Bibi akasema.

Waliokuwepo wakacheka, na balozi mwenyewe akaficha mdomo kwa kitambaa alichokuwa anashona. Kisha akaniuliza mimi, mwandishi, nilikusudia ipi. Nikasema nilikusudia aliyoitaja mama. Bibi alikuwa ananitazama kwa macho yale ya kijivu, na mimi nikatazama cherehani. Balozi akaamua kwamba karatasi imeandikwa Kilosa, kwa Kiswahili, hivyo pauni ni ya Kilosa. Bibi akasema amesikia na amekubali. Akaongeza shilingi zilizopungua pale pale, akamwomba radhi mama mbele ya watu, na mambo yakaisha kwa mdomo. Kwa moyo yalikuwa hayajaanza.

Kwa sababu mimi niliona kilichofuata. Mama aliona nusu, mimi niliona yote, dirisha la posta na dirisha la chumba changu yakielekea kwake. Kwanza Bibi alimwacha mtu aliyekuwa akimpikia, akamtafutia kazi kwa mwalimu mkuu, akasema anataka kujifunza kupika uzeeni. Halafu aliacha siagi. Halafu gazeti lake la Uingereza lililokuja kwa meli likiwa limeshachacha habari. Halafu sukari kwenye chai, akasema daktari kamkataza, na hakuna daktari aliyemwona. Kodi ya mama haikuchelewa hata siku moja. Shilingi themanini, kwenye bahasha, zimenyooshwa.

Mama naye msimwone mkatili, nitakasirika. Alikaanga vitumbua stesheni tangu alfajiri mpaka treni ya mchana, macho yamemvimba kwa moshi, na hiyo kodi ndiyo ilikuwa bati. Ilipokuja siasa ya Ujamaa, vijana wa mtaani walimtania kwa kuwa na mpangaji. Walimwita mnyonyaji, mama mwenye nyumba. Serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha ya mijini, wakamwambia watamfuata na yeye. Mama akawajibu waje tu, ila waje na masufuria yao, yake yote yanakinga mvua.

Bibi alibaki na vitu viwili vya fahari. Kimoja kilikuwa bustani ya nyanya nyuma ya nyumba ndogo, kwenye udongo ule mweusi ambao mto Mkondoa huuleta ukifurika. Cha pili kilikuwa mizani ya kupimia watoto wachanga. Ilikuwa ya kuning'iniza, yenye ndoano na kitambaa cha kumbeba mtoto, na namba zake zilikuwa za pauni, ile ya uzito, karibu nusu kilo. Nchi ilipohamia kwenye kilo hospitali haikuihitaji tena, wakampa. Aliitundika barazani, na wanawake wa mtaani waliendelea kumletea watoto wao, kilo au si kilo. "Pauni kumi na mbili," Bibi alikuwa akitangaza, "na anazidi." Siku moja, mama akiwa anaanua nguo hatua chache tu, nilimsikia Bibi akimwambia mzazi mmoja, "Mwanangu, hii ndiyo pauni pekee iliyobaki na heshima yake." Mzazi hakuelewa, akacheka tu. Mama hakucheka. Alikunja ile kanga mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Miaka ikaenda. Ukaja ukame, unga ukawa wa foleni, watu wa mashambani wakahamishiwa kwenye vijiji, shangazi zangu wa Kisanga wakiwemo. Na pauni ya Uingereza ikaanza tena kuteremka, safari hii bila kutangazwa kwa kishindo, senti baada ya senti, mpaka dirishani kwangu ikawa shilingi kumi na tano. Bibi alikuwa haulizi tena. Alipokea, alisema "Zimepungua," nami niliitikia, ikawa ndiyo salamu yetu ya pili baada ya shikamoo.

Ndipo barua za kaka yake zilipoanza kuja kwa wingi. Najua yaliyomo kwa sababu alinisomea. Kulikuwa na chumba cha juu nyumbani kwa kaka. Nauli wangelipa wao. Wanashindwa kuelewa anang'ang'ania nini. Bibi alikunja barua akasema, "Wifi yangu hufungua madirisha mwezi wa Januari kwa afya." Kisha akaniambia nisimwambie mama chochote, lakini Jumamosi nimsindikize Mikumi. Kuna mtu ana chumba nyuma ya nyumba ya wageni, bei yake nusu ya kodi ya mama. Akipata hicho, hatahitaji nauli ya mtu.

Tulipanda basi asubuhi. Wasioijua njia yetu niwaambie kwamba kati ya Kilosa na Mikumi kuna mahali panaitwa Ulaya. Ndilo jina lake, ni kijiji tu, mahindi na ufuta. Tulipofika kondakta akapiga bati la mlango akaita, "Ulaya, Ulaya, wa Ulaya washuke." Basi zima likageuka kumtazama Mzungu. Jamaa mmoja mwenye kuku akasema kwa upole kabisa, "Bibi, kwenu hapa." Watu wakacheka, na Bibi akacheka nao mpaka akapangusa macho.

"Sishuki," akasema. "Mwambie dereva aende."

Basi likaondoka. Nilimwona ameshika chuma cha kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, na kicheko kilikuwa kimekwisha usoni zamani. Nilitamani kumshika mkono, nikaona haya.

Chumba cha Mikumi kilikuwa kimepakana na maegesho ya malori. Ardhi ilikuwa nyeusi kwa oili, si kwa rutuba. Malori ya Iringa yalikuwa yakipigwa resi pale pale dirishani, na mwenye nyumba, mtu mkarimu, alilazimika kupaza sauti kutueleza kwamba ni pazuri, panachangamka. Bibi akamuuliza apande wapi nyanya. Yule bwana akafikiri anatania. Akamwambia, "Bibi, nyanya utanunua tu kwa hao akina mama wa barabarani." Bibi akaangalia ile ardhi, akaisugua kwa ncha ya kiatu, akasema atakichukua chumba kuanzia mwezi ujao. Kurudi, Ulaya tulipita amefumba macho.

Sikuweza kunyamaza. Jioni ile ile, mama akichagua mchele, nilimwambia yote: sukari, siagi, gazeti, kaka, chumba, oili. Nikamwambia na kosa langu, kwamba mimi ndiye niliyeandika pauni badala ya shilingi, na mbele ya balozi nilisema nusu ya ukweli, maana nilipoandika nilijua fika kwamba Bibi akisema pauni anasema ya kwao. Nilijua, nikaona haidhuru, zilikuwa sawa. Nililia. Mama aliendelea kuchagua mchele. Nilimkasirikia, nikaenda kulala bila kula.

Asubuhi alikuwa amekaa barazani na ile karatasi ya mistari, imegeuka rangi ya chai.

"Soma."

Nikasoma. Mpangaji atalipa pauni nne kila mwezi.

"Imeandikwa shilingi?"

"Hapana, mama."

"Imeandikwa za Uingereza?"

"Hapana."

"Imeandikwa za nini?"

Nikamwambia haikuandikwa za nini. Mama akainuka, akajifunga kanga vizuri, akavuka ua. Nilimfuata. Bibi alikuwa akipanga vitabu kwenye sanduku. Mama akamwamkia, akapokea marahaba yake, akasimama mlangoni na karatasi.

"Bibi, nimekuja kwa ugomvi. Nimesomewa mkataba upya. Miaka yote hii umekuwa ukinipa shilingi, na mimi kwa ujinga wangu nikipokea. Hapa pameandikwa pauni nne. Wewe una mizani ya pauni imening'inia hapo, watoto wote wa Kilosa wameipanda. Una nyanya huko nyuma. Mimi nataka pauni zangu nne za nyanya kila mwanzo wa mwezi, na sitaki kusikia habari ya Mikumi."

Bibi alikuwa ameshika kitabu, akakiweka, akakichukua tena. Nilidhani atakataa, alikuwa na kiburi chake, hakupenda kuhurumiwa, na nilimwona anakitafuta hicho kiburi. Kisha akauliza, kwa sauti ya ukunga, "Na vikonyo au bila vikonyo?"

"Bila," mama akasema. "Usinipunje."

Nilipombana mama baadaye, kwamba na bati je, alinitazama nikajuta kuuliza. "Wewe si una mshahara? Uliandika wewe, utaezeka wewe." Na kweli niliezeka. Miaka mitatu mshahara wangu uliingia kwenye paa, nikachelewa kununua hata cherehani, na kila bati lililopigwa msumari mama aliniambia niandike vizuri siku nyingine.

Tangu hapo, kila mwanzo wa mwezi, Bibi aliweka nyanya kwenye kitambaa cha watoto, akazitundika, na mama akaja kusimamia. Hakuwa anapokea tu. Alisogea, aliukodolea macho mshale asioweza hata kuusoma, akasema, "Zimepungua, Bibi." Bibi alivaa miwani, akabisha, akaongeza moja ndogo. "Sasa je?" "Bado kidogo." Wakati wa kiangazi nyanya zikikosekana aliweka mchicha, na mama alilalamika kwamba mchicha ni mwepesi anadhulumiwa, kisha akambebea vitumbua vya moto kwenye sahani, akasema vimemzidi. Nilikuja kuelewa kwamba kule kulalamika ndiko kulikomwezesha Bibi kukaa. Mama angepokea bila kuhesabu, Bibi angefunga sanduku siku ile ile.

Halafu dunia ikageuka. Miaka ya foleni za sabuni, shilingi yetu ndiyo iliyoteremka, na dirishani kwangu ile ile hawala ya Bibi ikawa inatoa noti nyingi. Mara ya kwanza alizitazama akasema, "Zimeongezeka," ungedhani anauliza. Akaenda moja kwa moja kwa mama na bahasha, shilingi themanini, na juu yake nyingine themanini. Mama akazirudisha zote.

"Themanini hizi hazinipi hata mche wa sabuni kwa mlanguzi," akasema. "Nyanya nazipika leo. Umezeeka umekuwa mjanja, Bibi. Mkataba ni mkataba."

Kaka yake aliacha kuandika. Bibi alifariki kwenye nyumba ndogo, mwisho wa masika, mama akiwa amemshika mguu na mimi nikiwa nimemshika ule mkono ambao ndani ya basi nilionea haya kuushika. Tulimpeleka Berega kwa gari la kuazima, akalala pembeni ya rafiki yake, mahali pale pale alipopaonyesha.

Tuliporudi ulikuwa mwanzo wa mwezi. Mama hakuingia ndani. Alikwenda nyuma ya nyumba ndogo na kanga zake za msibani, akachuma nyanya zilizoiva, akatoa vikonyo, akaziweka kwenye kitambaa cha watoto na kuzitundika. Aliniita nimsomee. Nikasogea nikaangalia. Mshale ulikuwa umesimama kwenye tatu na nusu, bustani haikuwa na nyingine iliyoiva, na nilimwambia hivyo, tatu na nusu, mama. Nikasubiri aseme lile neno lake la kila mwezi. Machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti, na hakuyafuta.

"Zimetimia," akasema.